Mugure na Bia ya Pilipili

Jumamosi hiyo uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulifurika watu hadi kwenye ua. Lilikuwa tamasha la bia za viwanda vidogo, zile zinazopikwa na watu wawili watatu nyuma ya karakana, na kila hema lilikuwa na foleni yake, muziki wake na moshi wake wa nyama. Katikati ya msongamano huo alipita Mugure, gauni la manjano limemkaa sawasawa, nywele amezifunga juu kwa kitambaa cha kitenge, viatu vyeupe vimeshaanza kuliwa na vumbi. Nyuma yake alimfuata rafiki yake Abby, simu ameiinua juu, anarusha mubashara kila neno linalomtoka mwenzake.

Mugure alikuwa mwonjaji. Usimcheke, ni kazi. Mama yake, mtu wa kanisa, aliwaambia majirani kwamba binti yake anafanya mambo ya upishi, na hapo mazungumzo yaliishia. Lakini huko mtandaoni maelfu ya watu walimfuata kwa sababu moja tu: ulimi wake haukununuliwa na mtu. Akisema supu ya hoteli fulani ni maji ya kuoshea sufuria, hoteli hiyo ililala bila wateja. Akisema ni nzuri, kesho yake hupati kiti.

"Hema ya mwisho," Abby alisema. "Hii ndio wanasema iko na nafaka ya rai na pilipili. Si umwone Natalie amekuja mwenyewe?"

Kweli, Natalie alikuwa pale, mwenye hoteli kubwa kule Milimani, suruali nyeupe, miwani kichwani, amekalia kiti kirefu na glasi ambayo hajaigusa. Watu wote wa biashara ya vinywaji walijua anatafuta bia moja ya hapa Nakuru ya kuuza hotelini kwake. Bia hiyo ikipatikana, aliyeipika angekuwa ametoka kimaisha. Natalie alikuwa anangoja neno la Mugure.

Mpishi wa bia alikuwa ameinama nyuma ya kaunta akifunga mpira wa pipa. Akainuka na kugeuka. Alikuwa Kiprotich.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka uliopita, kule kwao Bahati, Mugure alikaa chumbani na binamu zake, amevaa gauni alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, akingoja Kiprotich aje na wazazi wake kumposa. Uani kulikuwa na hema, wazee wamevaa suti, wanawake wamepika tangu alfajiri. Wageni hawakufika. Jua lilipoinama, chakula kiligawiwa majirani, nao wakala vizuri sana na kumcheka hali midomo imejaa. Alipiga simu ya Kiprotich mara moja, akaikuta imezimwa. Hakupiga tena. Aliifungia namba hiyo isimpate kamwe, akaapa kwamba siku moja huyo mwanamume ataaibika mbele za watu jinsi alivyomwaibisha yeye.

Na sasa watu ndio hawa hapa, wamejaa.

"Niaje, Mugure," Kiprotich alisema polepole. Alikuwa mwembamba kuliko zamani, amevaa aproni ya kijani, na ule mtindo wake wa kukunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko haukuwa umebadilika. Mugure alichukia kwamba ameuona.

"Poa, boss. Nimeambiwa hapa kuna bia."

"Iko."

"Basi mimina. Watu wanangoja."

"Uko salama lakini?"

"Nimekuja kuonja bia, sikuja kupimwa pressure."

Watu wakacheka. Kiprotich hakucheka. Alichukua glasi, akaiinamisha, akamimina kwa utulivu mpaka povu likapanda na kutulia mdomoni mwa glasi bila kumwagika. Akaisukuma kwake kwa vidole viwili.

Mugure aliinua glasi juani. Rangi ilikuwa ya shaba, kama chai ya rangi iliyokolea. Akanusa. Harufu ya kwanza ilikuwa ya mkate wa kahawia unaotoka kwenye oveni, ile sehemu ya ganda ambayo watoto huigombania. Akaonja. Rai ilikuja mbele, nafaka ndugu ya ngano lakini yenye ukali wake wa pekee, kavu, na utamu mdogo wa asali chini yake. Kisha, alipodhani mambo yameisha, pilipili ikaamka. Haikuchoma ulimi; ilipanda taratibu nyuma ya koo, ikasambaa kifuani, ikafika masikioni. Jicho lake la kushoto likajifunga lenyewe. Ilikuwa bia nzuri. Ilikuwa bia nzuri kuliko zote alizoonja siku hiyo, pengine mwaka huo, na jambo hilo lilimkasirisha zaidi ya yote. Kumbe huyu mtu alimwacha na aibu yake kule Bahati, akaja kukaa hapa kwa raha zake kutengeneza kitu kitamu namna hii.

"Abby, leta simu karibu," alisema, akatabasamu.

"Wapenzi wangu, mimi sijui kuficha. Hii bia inanuka gunia lililonyeshewa. Nafaka imeungua. Pilipili wameitia kufunika makosa, kama mtu anajipaka marashi badala ya kuoga. Inakuahidi mambo makubwa, unangoja, unangoja, mwishowe hakuna kitu. Aliyepika hii hajui kumaliza kitu ameanza. Kama uko na kiu, kunywa maji."

Kicheko kiliruka kutoka hema hadi hema. Kijana mmoja aliyekuwa akinywa bia hiyo hiyo kwa furaha dakika chache zilizopita aliikodolea macho glasi yake, akaimwaga kwenye nyasi. Natalie akashuka kitini, akaiacha glasi yake ikiwa bado imejaa, akasema, "Afadhali nimekungoja wewe," na kwenda zake.

Kiprotich alimtazama Mugure.

"Ni hivyo umeonja?"

"Ni hivyo."

"Sawa. Asante kwa kuonja."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa kavu.

Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Kina. Mugure aliondoka pale miguu ikiwa myepesi, kifua kimejaa, na akajiambia kwamba leo atalala. Kitu kimoja tu kilimkera: alitaka mwanamume yule amsihi, au amtukane, na yeye alimpa asante.

Hakuwa amefika kwenye gari la Abby aliposikia jina lake likiitwa kwa sauti isiyo na urafiki. Alikuwa Cherop, dada yake Kiprotich, amebeba kreti ya chupa mbele ya tumbo kama mtu aliye tayari kuirusha.

"Haikutosha kuturudisha kwa geti?" Cherop alimuuliza. "Ulikuwa lazima utufuate mpaka hapa?"

"Geti gani?"

"Mugure, usinichezee."

"Wewe ndio unanichezea. Niliwangoja siku nzima. Hamkukuja."

Cherop aliweka kreti chini. Alimwangalia Mugure usoni muda mrefu, na ukali ukaanza kumtoka kidogo kidogo.

"Tulikuja," alisema. "Baba yangu na suti yake ya harusi. Mama. Wazee wa kwetu. Tulibeba mitungi miwili ya bia, Kip aliipika kwa rai ya baba. Mzee mwenyewe alipanda hiyo rai, akaivuna, akasema hawezi enda kwa watu na pombe ya kununua. Tukafika kwa geti yenu. Akatoka mzee mmoja na Biblia kwa mkono, akaona mitungi, akasema hiyo haiingii hapa. Tukageuza magari."

"Mzee gani?"

"Mfupi. Kofia ya rangi ya maziwa. Ana pengo hapa mbele."

Mugure alishika mlango wa gari. Huyo alikuwa Naftaly, baba yake mdogo, ndiye aliyebaki msemaji wa nyumba tangu baba yake Mugure afariki. Pombe ilimla Naftaly miaka mingi kabla hajaokoka, na tangu siku aliyookoka hakuruhusu hata chupa tupu ipite mbele ya mlango wake.

"Na mbona msiache pombe kwa gari muingie?"

"Jamleck alikuwa ametufundisha. Mkikuyu mwenzenu, anafanya kazi na Kip. Alisema kwenu pombe ikirudishwa, msichana amekataa. Na mwanaume akikataliwa hivyo hapigi simu kuuliza, anajiaibisha mara ya pili."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkata Mugure maini. Hata nyanya yake angemwambia vivyo hivyo: pombe ya posa ni swali, na kuirudisha ni jibu. Lakini Jamleck alilelewa katika nyumba ambayo muratina, pombe ya jadi ya Wakikuyu, bado inapikwa. Nyumba za waliookoka, kama ya kina Mugure, ziliacha pombe zamani na kuweka kreti za soda mahali pake, na watu kama Naftaly walikuwa wameshasahau kwamba pombe langoni inaweza kuwa na maana nyingine isiyokuwa dhambi. Mmoja alirudisha mitungi, mwingine akasikia anarudishiwa mapenzi yake.

Akampigia Naftaly palepale.

"Uncle, siku ile ya wageni, ulienda kwa geti?"

Kuku walisikika upande wa pili.

"Ni nani amekuambia?"

"Uncle."

"Mami, niliwaambia tu pombe ibaki nje. Sikusema watu wabaki nje. Nikangoja waweke hiyo vitu kando waingie. Wakageuza magari. Nikafikiria wameenda kuacha mitungi kwa shop, watarudi."

"Na hawakurudi."

"Hawakurudi."

"Na ukaja ukakaa na sisi, ukakula, ukasema hao ni watu hawana heshima."

"Ningesema nini na wazee wote wamekaa? Nikasema ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hakuwa kwa geti, Uncle. Ulikuwa wewe."

Akakata simu. Hasira aliyokuwa ameilea mwaka mzima kwa ajili ya mtu mmoja ilihama ndani ya dakika hiyo, ikaenda kukaa kwa mwingine, bila kupungua hata chembe. Iliyobaki nyuma yake ilikuwa aibu. Alikuwa amemchoma mtu asiye na kosa, mbele ya halaiki, kwa uongo.

Njiani kurudi, Abby ndiye aliyesema lile ambalo Mugure alikuwa akiliogopa.

"Unafikiria kurudi live useme ulidanganya, si ndio?"

"Ndio."

"Sikiza, mimi ni rafiki yako. Ukisema ulidanganya mara moja, ni nani atakuamini tena? Huna duka. Huna degree ya hiyo maneno. Uko na ulimi tu. Mpigie simu Kip, mwombe msamaha pole pole, muongee yaishe."

"Na Natalie? Na watu wote walimwaga bia yake?"

Abby akaongeza sauti ya redio.

Jumapili baada ya ibada, Mugure alikwenda eneo la viwanda akiwa bado na nguo za kanisani, sketi ndefu ya bluu na blauzi yenye vifungo vya lulu. Kiwanda cha Kiprotich kilikuwa nyuma ya karakana ya mbao, na harufu ya mbao mbichi ilichanganyikana na ya nafaka iliyolowa. Alimkuta amevaa gambuti, anasugua tangi kwa brashi ndefu.

"Kanisa imeisha?" aliuliza bila kugeuka.

"Imeisha. Sikusikia hata neno moja."

"Cherop aliniambia mliongea."

"Mbona hukunipigia simu, Kip?"

"Nilizima kwanza. Nilikuwa nimeumia. Kuwasha, napata umeniblock. Nikasema basi Jamleck alikuwa right."

"Si ungekuja."

"Kwa geti gani? Hiyo ya kurudishwa?" Aliitupa brashi ndani ya ndoo. "Baba yangu aliendesha gari kutoka kwenu mpaka nyumbani bila kuongea, Mugure. Alivua ile suti akaikunja, na hajaivaa tena. Nilidhani umetuchekea kwa dirisha."

"Nilikuwa kwa chumba. Nilikuwa nimekaa tu hapo kama mjinga, nimepakwa make-up."

Maji yalidondoka kutoka kwenye tangi. Kiprotich alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Unajua nini iliniuma jana? Si Natalie. Ni vile nilikuona ukionja. Ukipata kitu kizuri unafungaga jicho moja. Nilikuona ukifunga jicho. Halafu ukafungua mdomo."

"Kwa hivyo ulijua nadanganya."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Wakenya wenzangu, huyu ananitesa kwa sababu ananipenda?"

"Nani amekuambia nakupenda?"

"Mtu hachukii bia hivyo bure."

Mugure alitaka kucheka na akataka kulia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, alitoa simu. Aliisimamisha juu ya gunia la nafaka, akajitazama, akafungua kifungo cha juu cha blauzi kilichokuwa kinamkaba.

"Mugure, acha. Hiyo kazi ni yako, usiimalize."

"Nyamaza, niko mubashara."

Akasema. Hakurembesha. "Jana niliwaambia bia ya Kiprotich ni mbaya. Nilidanganya, tena kwa makusudi. Bia ni nzuri. Aliyeipika ni mtu nilitaka aumie, na sababu yenyewe ilikuwa ya uongo pia, lakini hiyo nilikuwa sijajua. Sitawaambia ladha yake leo, kwa sababu leo hamna sababu ya kuniamini. Nendeni mkaonje wenyewe." Akazima.

Matusi yalianza kuingia kabla simu haijarudi mkononi. Kibaraka. Mwongo. Umelipwa jana ama umelipwa leo? Wengine waliaga tu na kwenda zao, na hao ndio waliouma zaidi. Mugure alisoma mpaka macho yakamlowa. Jina alilolijenga kwa miaka lilibomoka pale pale kati ya magunia. Katikati ya matusi ukaingia ujumbe wa Natalie: leteni hiyo bia Milimani kesho, nitaonja kwa mdomo wangu mwenyewe, midomo ya watu nimechoka nayo.

Kiprotich aliusoma juu ya bega lake. Alisimama karibu kiasi kwamba Mugure alisikia joto la shati lake lililolowa.

"Sasa umebaki bila kazi," alisema.

"Nimebaki."

"Unajua kuosha tangi?"

"Na hii sketi ya kanisa?"

"Iko na uzuri wake. Ikilowa, itakauka."

"Kip, mimi sichezi. Nisamehe."

"Nilikusamehe jana ukishika hiyo glasi. Nilikuwa nimekumiss vibaya, mrembo, ningekusamehe hata ungenipiga nayo." Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini si mimi tu. Mzee aliapa hakanyagi kwenu tena. Na siwezi kuoa kama yeye hajakubali, unanijua. Ameniambia kitu moja tu: yule wa kofia aje kwake, na aje amebeba hiyo pombe kwa mikono yake mwenyewe."

Mugure alipangusa macho. Kwa mara ya kwanza tangu jana alicheka, kicheko kilichotoka tumboni, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Uncle Naftaly abebe pombe?" alisema. "Hiyo nitakuletea, babe. Hiyo hata ningelipa kuiona."

Naftaly alikataa, akanukuu Maandiko, akashikwa na mgongo ghafla. Mugure alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza kama angependa wazee wenzake wa kanisa waelezwe kwa nini wageni wa posa walirudi, na waelezwe na nani, yeye au Mugure. Alikuwa mkatili na alijua. Jumamosi iliyofuata Naftaly alikuwa ndani ya gari, suti ya kijivu, kofia ya rangi ya maziwa, na kreti ya bia ya rai miguuni pake ameifunika kwa blanketi. Mama yake Mugure alikaa nyuma akitazama dirishani, anasali au anazuia kicheko, ilikuwa vigumu kujua. Kila walipopishana na gari la mtu wa kanisani, Naftaly aliishusha kofia. Pale Salgaa, kwenye msururu wa malori, mchuuzi wa mahindi alichungulia ndani akasema, "Mzee, leo ni sherehe?" na Naftaly akaiita damu ya Yesu. Mugure aliendesha akifurahia kila kilomita.

Nyumbani kwa kina Kiprotich palikuwa mbele ya Salgaa, ndani kidogo ya barabara, kwenye shamba lililowahi kuwa la mzungu. Rai ilikuwa imesimama pande zote mbili za njia, ndefu, imeanza kuiva. Mzee Kibii, baba yake Kiprotich, alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya lango lililofungwa, koti zito, fimbo magotini. Kiprotich na Cherop walisimama nyuma yake. Hakuna aliyefungua.

Mzee Kibii alipitisha mkono juu ya lango, akamsalimia mama yake Mugure kwa heshima. Naftaly hakumsalimia. Alimwacha juani na kreti yake, kondoo wakimtazama.

"Ni nini umebeba?" aliuliza hatimaye.

"Ni kinywaji, mzee," Naftaly alisema.

"Kiko na jina."

"Ni pombe."

"Sikusikia."

"Pombe," Naftaly alisema kwa sauti, na sauti ikamkatika katikati.

Cherop aliziba mdomo kwa leso. Mugure alihisi utamu ule ule wa siku ya tamasha ukimpanda kifuani. Hivi ndivyo alivyotaka. Hivi hasa.

Mzee Kibii alitoa glasi mfukoni mwa koti, akaomba chupa, akaifungua, akaijaza. Akaipitisha juu ya lango.

"Mtu akileta kitu kwangu anaonja kwanza, nijue haina sumu. Shika."

Naftaly aliipokea. Alivua kofia, akaibana kwapani. Harufu ilimfikia, na Mugure akaiona sura ya baba yake mdogo ikiwa ya mtu mwingine, yule ambaye Mugure akiwa mdogo alimwona akiinuliwa mtaroni na baba yake na kuletwa nyumbani kwa mkokoteni, akilia, akiomba moja tu ya mwisho. Baba yake alimwinua hivyo mara nyingi kabla Naftaly hajasimama mwenyewe. Sasa aliinua glasi, povu likamwagikia vidole. Naftaly hakumtazama Mzee Kibii. Alimtazama Mugure, na Mugure akaelewa kwamba angekunywa. Angekunywa kwa sababu alijua Mugure anamdai, na hakuwa na kitu kingine cha kumlipa.

Ingetosha Mugure anyamaze tu.

"Lete, Uncle," alisema, akaichukua ile glasi mkononi mwake. "Mzee, nisamehe. Mimi ndiye mwonjaji wa hii nyumba."

Mzee Kibii aliinua macho.

"Wewe ndio ulisema rai yangu inanuka gunia imenyeshewa."

Abby alikuwa amemwonya kwamba video haifi. Mugure alimtazama usoni. "Ni mimi."

"Basi onja tena. Hapa hakuna simu."

Kiprotich alitaka kusema neno, baba yake akainua fimbo kidogo, akanyamaza. Mugure akanywa. Alijua kwamba maneno mazuri hayatamsaidia. Mzee huyu alishasikia jinsi anavyoweza kuyapanga. Akanywa tena, kisha akasema alichokikuta.

"Inaanza na mkate. Ganda la mkate, ile imeshikwa na moto kidogo. Halafu rai yenyewe, kavu, na asali kidogo sana chini yake. Hiyo ni kazi ya shamba, si ya mpishi. Pilipili inakuja baadaye, nyuma ya koo, inapasha mpaka masikio." Akasita. "Lakini imezidi, Mzee. Glasi ya kwanza ni sawa. Ya pili hauonji tena rai, unaonja pilipili tu. Siku ya tamasha niliionja mara moja nikakasirika, sikungoja nione."

"Imezidi wapi?" Kiprotich aliuliza, amesahau kabisa mahali alipo. "Natalie alikunywa tatu, akachukua mapipa yote."

"Natalie ako na hoteli, hana shamba."

"Mugure, mimi nilipima hiyo kitu."

"Ulipima vibaya."

Mzee Kibii alianza kutikisika mabega. Ilichukua muda kabla hawajagundua kwamba anacheka.

"Nilimwambia," alisema. "Tangu mwanzo nilimwambia, unaficha rai yangu na hiyo pilipili yako. Akasema mimi ni mzee, sijui soko." Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akamgeukia binti yake. "Fungua geti. Huyu sasa anasema ukweli."

Cherop alifungua. Mzee Kibii alisimama, akampa Naftaly mkono, akauacha hapo kitambo.

"Wewe hatukupei hii," alimwambia. "Mama Kiprotich ameweka mursik, maziwa ya kibuyu. Ingia, na uvae kofia yako, jua ni kali."

Wazee wakatangulia. Naftaly alipompita Mugure alimgusa bega, naye Mugure akamrekebishia kola ya suti iliyokuwa imekunjika. Kiprotich alikuwa amebaki nyuma, ameinua kreti, uso umemvimba kwa kiburi kilichojeruhiwa.

"Ungengoja tukiwa wawili ndio uniambie imezidi," alisema.

"Angejua nadanganya."

"Kwa hivyo nitakuwa naambiwa hivyo kila nikipika? Mbele ya baba yangu?"

"Kila ukipika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke, Kip. Ama ulidhani nimebeba Uncle wangu mpaka huku kwa sababu gani?"

Kiprotich aliweka kreti chini katikati ya njia, akamshika mikono yote miwili, na huko ndani wakaitwa mara ya pili waje kula.